Asilimia 84 ya pumzi: binti yangu ni mzima au mgonjwa?

Swali: Habari za kazi, daktari. Binti yangu ana miaka 8. Hajawahi kulazwa, hakohoi usiku, na mchana kutwa anakimbia. Shuleni kwao walikuja watafiti wanaopima mapafu ya watoto wazima, nikasaini fomu, akapimwa. Amerudi na karatasi inayosema FEV1 lita 1.25, asilimia 84. FVC lita 1.40, asilimia 85, na pembeni kuna "-1.3". Naona pia alipuliza mara kadhaa na majibu hayafanani: 1.02, kisha 1.21, kisha 1.25. Asilimia 84 ingekuwa ya mtihani ningefurahi, lakini ni ya mapafu, na najiuliza hiyo 16 iliyobaki imekwenda wapi. Ana ugonjwa uliojificha? Na kwa nini wampime mtoto asiyeumwa? Wanataka kurudi mwakani. Niwakubalie?

Jibu: Mama, nianze na lile linalokunyima usingizi. Katika karatasi hiyo sioni ugonjwa. Na hiyo 16 haijakwenda popote, kwa sababu haikuwahi kuwa yake.

Tatizo ni neno lenyewe "asilimia". Shuleni tumezoea kwamba 100 ndiyo alama ya juu kabisa na kila kinachopungua ni kosa. Kwenye mapafu 100 si kilele, ni katikati. Chukua watoto wa kike wote wazima wenye umri na kimo cha binti yako, wapange mstari kuanzia mwenye pumzi ndogo hadi mwenye pumzi kubwa. Yule anayesimama katikati ya mstari ndiye aliyepewa 100. Kwa hiyo nusu ya watoto wazima duniani wako chini ya 100, na nusu nyingine wako juu yake. Nimewahi kuona watoto wazima wa 88 na wengine wazima wa 117, na huwezi kuwatofautisha wakicheza uwanjani.

Ile namba ndogo ya pembeni uliyoipita haraka, -1.3, ina maana kuliko asilimia. Tunaiita alama z. Inasema mtoto yuko hatua ngapi kutoka katikati ya ule mstari, na kila hatua imepimwa kwa jinsi watoto wazima wa umri huo wanavyotofautiana wao kwa wao. Sifuri ni katikati. Mpaka wa chini tunaoutumia ni -1.64, na ulichaguliwa kwa makusudi ili watoto wazima 5 kati ya 100 waangukie chini yake. Soma tena hapo: watoto wazima. Ukipima darasa la watoto 40 wasio na tatizo lolote, tegemea wawili hivi watakuwa chini ya mpaka. Hao si wagonjwa. Wako mwishoni mwa mstari tu, na kila mstari una wa mwisho. Binti yako, kwa -1.3, hata mpaka hajaufikia. Kati ya watoto 100 wazima kama yeye, kumi hivi wangekuwa nyuma yake.

Utasikia watu wakisema "chini ya 80 ni tatizo, juu ya 80 ni salama". Ni kanuni ya kukariri na mimi siipendi. Kwa umri wa binti yako inaangukia karibu na mpaka halisi kwa bahati tu. Kwa watoto wadogo zaidi wa chekechea, wanaotofautiana sana, mtoto mzima kabisa anaweza kushuka chini ya 80.

Sasa tuziangalie hizo namba mbili. FVC ni hewa yote anayoweza kuitoa kwa nguvu baada ya kujaza kifua mpaka mwisho. FEV1 ni sehemu ya hewa hiyo inayotoka katika sekunde ya kwanza. Gawa 1.25 kwa 1.40, unapata 0.89, yaani karibu tisa ya kumi ya hewa yake ilitoka ndani ya sekunde moja. Kwa mtoto wa miaka 8 hiyo ni hali nzuri. Njia za hewa zingekuwa zimebana, kama katika pumu iliyoamka, hewa ingetoka kwa kujivuta: FEV1 ingeshuka huku FVC ikibaki ilipo au ikishuka kidogo, na uwiano wao ungeporomoka. Hapa zote mbili zimeshuka pamoja, 84 na 85, kama ndugu walioshikana mikono. Hilo linanipa mawazo mawili. Ama mapafu yake ni madogo kidogo kuliko ya watoto wengi wa kimo chake, kama wengine walivyo na miguu midogo, au siku ile hakujaza kifua mpaka mwisho. Ningelazimishwa kuchagua, ningechagua la pili, na sababu iko kwenye zile 1.02, 1.21 na 1.25.

Spirometa, yaani ile mashine aliyoipulizia, haimpimi mtoto kama mizani inavyompima. Mizani humpima hata akisinzia. Spirometa inampima mtoto anayejitahidi, tena kwa kitendo ambacho hajawahi kukifanya maishani mwake. Fikiria alivyokuwa. Amekaa kwenye kiti, na kama ni cha watu wazima miguu yake inaning'inia, jambo linalomnyima nguvu za kusukuma. Ndiyo maana mpimaji makini huweka kitu cha kukanyagia. Pua imebanwa kwa kibanio. Mdomoni ana bomba ambalo midomo lazima ilizunguke bila mwanya, na ulimi usilizibe. Halafu mtu mgeni anamwambia: vuta, vuta, vuta mpaka hakuna nafasi tena, sasa puliza kwa ghafla kama unayevunja ukuta, na usiache, endelea, endelea, endelea hata ukiona hewa imekwisha. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Jaribio la kwanza karibu kila mara ni bovu: wengine huvuta nusu, wengine hupuliza polepole kama wanaopoza chai, wengine huanza vizuri kisha wakacheka. Nadhani ile 1.02 ilikuwa ya aina hiyo.

La pili na la tatu zimetofautiana kwa lita 0.04, yaani mililita 40. Kanuni za kimataifa zinataka majaribio mawili bora ya mtoto aliyezidi miaka 6 yasipishane zaidi ya mililita 150. Kwa wa miaka 6 kushuka chini, mililita 100 au asilimia 10 ya lililo kubwa, tukichukua kiasi kinachozidi kati ya hivyo viwili. Basi kwa kanuni hiyo ya kufanana, namba zake mbili bora zimepita. Lakini namba zilikuwa bado zinapanda. Mtoto anayepanda kila anaporudia bado anajifunza, na mimi ningemwomba mara mbili tatu zaidi, nikimpa mapumziko katikati. Tena kuna mtego hapa: mtoto anaweza kurudia kosa lile lile kwa uaminifu mkubwa. Akivuta robo tatu ya kifua mara tatu, utapata namba tatu zinazofanana sana na zote ni ndogo. Kufanana kwa majibu hakuthibitishi kwamba kifua kilijaa.

Ndiyo maana sisomi namba kabla ya kuona mchoro. Kama karatasi yenu ina mchoro wa kasi ya hewa dhidi ya ujazo, utazame. Pumzi nzuri ina umbo la mlima wenye upande mmoja mkali: inapanda wima karibu na mwanzo kabisa, ina ncha, kisha inateremka taratibu mpaka chini bila kukatika. Kilele kilichoviringika kama kichuguu kinaniambia mtoto hakulipuka. Mteremko unaokatika ghafla na kudondoka wima unaniambia aliacha kupuliza mapema, au koo lilijifunga. Meno meno katikati ni kikohozi. Na mkia mwishoni unatakiwa ulale karibu bapa: kanuni ya 2019 inasema katika sekunde ya mwisho isitoke zaidi ya mililita 25. Watoto wadogo humaliza kutoa hewa yote haraka mno, wengine wa miaka minne au mitano ndani ya sekunde moja tu, na hapo FEV1 inakosa maana; tunasoma hewa ya robo tatu ya sekunde badala yake.

Kidokezo kuhusu ile michezo ya kwenye skrini inayomhimiza mtoto apulize, maana pengine binti yako alikusimulia. Mishumaa ya kuzima inamfundisha mtoto kulipuka, lakini ikishazimika yote anaona kazi imekwisha, anaacha. FVC inapotea hapo. Mimi huizima skrini baada ya jaribio la pili na kutumia sauti yangu na mikono yangu. Natoka hapo nimechoka kuliko mtoto.

Kabla hatujamlaumu mtoto, tuwaangalie wakubwa. Hiyo 84 imetokana na kugawa 1.25 kwa namba nyingine, ile "iliyotarajiwa", ambayo kwenu lazima ilikuwa karibu na lita 1.49. Namba hiyo inatoka kwenye jinsia, umri, na zaidi ya vyote kimo. Ujazo wa mapafu haupandi sawasawa na kimo, unapanda kwa kasi zaidi, kwa sababu kifua kinakua kwa urefu, upana na kina kwa pamoja. Hivyo kosa dogo la rula linakuwa kosa kubwa kwenye karatasi. Tuseme binti yako ana sentimeta 122, lakini alipimwa akiwa na viatu, au nywele zikiwa zimefungwa juu ya utosi, ikaandikwa 125. Kwa sentimeta hizo tatu tu, aliyestahili kupata karibu 89 anapewa 84. Nimeona mashine za fedha nyingi, zinazohakikiwa kila asubuhi kwa bomba la lita 3, zikitumiwa pamoja na rula iliyobandikwa ukutani kwa gundi, imepinda. Muulize mtoto wako kama alivua viatu. Watoto wanakumbuka mambo hayo.

Halafu kuna swali la watoto gani waliotumika kupata "inayotarajiwa", na hapo ndipo penye jibu la kwa nini wampime asiyeumwa. Daktari Mwingereza John Hutchinson, aliyechapisha kazi yake ya spirometa mwaka 1846, alipima watu zaidi ya 2,000, wakiwemo mabaharia, polisi na wapiga chapa, akagundua kwamba pumzi inafuata kimo. Tangu hapo tumejua kwamba hakuna anayeweza kusema pumzi hii ni ndogo bila kuwa na watu wazima wa kulinganisha nao. Mgonjwa anapimwa kwa rula iliyotengenezwa na wazima. Kwa muda mrefu rula za watoto zilikuwa vipande vipande: hii ya miaka 6 hadi 12, ile ya miaka 12 hadi 18, na mtoto akisherehekea siku ya kuzaliwa asilimia yake inaruka bila mapafu kubadilika. Mwaka 2012 mradi wa kimataifa unaojulikana kwa kifupi kama GLI ulitoa milinganyo, yaani hesabu za kupata namba "inayotarajiwa", iliyounganisha watu 74,187 wenye afya na wasiovuta sigara kutoka nchi 26, wa kuanzia miaka 3 hadi 95, kwa mstari mmoja usiokatika. Ilikuwa kazi kubwa.

Ila ilikuwa na mapengo, na pengo moja linatuhusu. Vipimo vya watoto wa Afrika kusini mwa Sahara vilikuwa haba mno. Kwa mtu mweusi, rula iliyopatikana ilitokana na Wamarekani weusi, na ilitarajia FEV1 ndogo kwa takriban asilimia 14 au 15 kuliko ile ya wazungu wa kimo hicho hicho. Piga hesabu uone kinachotokea: kama binti yako amepewa 84 kwa rula moja, kwa ile nyingine angepewa zaidi ya 95. Mtoto ni yule yule, pumzi ni ile ile ya lita 1.25. Tofauti hiyo sehemu yake ni ya umbo, kwa kuwa kwa kimo kile kile wengine wana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, na mapafu hayakai miguuni. Lakini sehemu nyingine huenda ni ya umaskini, moshi, lishe na uzito wa kuzaliwa, na ukiandika rula inayosema "hawa kwa kawaida wana pumzi ndogo" umeshayageuza madhara kuwa kawaida. Ndiyo sababu ikatengenezwa milinganyo mipya isiyotenganisha rangi, GLI Global, na mwaka 2023 chama cha madaktari wa mapafu cha Marekani, American Thoracic Society, kikapendekeza itumike. Nayo si dawa ya kila kitu: ni wastani wa waliokuwepo, na ambao hawakupimwa bado hawamo. Ukiona watafiti wanapanga foleni ya watoto wasioumwa, pengo wanalojaza ni hilo. Tafuta kwenye karatasi jina la milinganyo iliyotumika. Lisipokuwepo, waulize, ni haki yako.

"Mzima" naye anahitaji kufafanuliwa, maana fomu uliyoijaza bila shaka ilikuuliza maswali mengi: aliwahi kutoa mlio wa filimbi kifuani, alizaliwa kabla ya siku zake, aliugua nimonia kali, nani anavuta sigara nyumbani, ana mafua wiki hizi. Wengine huchuja mpaka wanabaki na watoto wa maonyesho. Mimi naona si sawa. Utafiti mmoja wa watoto wa shule wa miaka 5 hadi 11 mjini London uliangalia hilo na kuona kwamba ukishawaondoa wenye ugonjwa wa mapafu wa sasa au wa kudumu, uchujaji zaidi haubadilishi matokeo sana.

Kuna sababu ya pili ya kuwapima wazima, nayo ndiyo inayonifanya niseme wakubalie mwakani. Mapafu hukua mpaka mwanzoni mwa miaka ya ishirini, yanafika kilele, kisha yanaanza kushuka polepole kwa kila mmoja wetu. Asiyefika kilele kizuri anaanza safari ya kushuka akiwa tayari chini. Uchambuzi uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watu wazima waliopata ugonjwa sugu wa kuziba kwa mapafu hawakuwa wameshuka kwa kasi ya ajabu. Walikuwa na FEV1 ndogo tangu ujana. Na huko kusini mwa California, watoto waliofuatiliwa kwa miaka tangu 1993 walionyesha kitu ambacho kipimo kimoja kisingekionyesha kamwe: waliokulia kwenye hewa chafu mapafu yao yalikua kidogo, na hewa ya eneo hilo iliposafika kadiri miaka ilivyopita, watoto wa kundi lililofuata walikua na mapafu bora zaidi. Walikuwa watoto wa kawaida wa shule.

Kwa binti yako, kipimo cha mwakani kitakuwa na thamani kuliko hiki, kwa sababu kitalinganishwa naye mwenyewe. Linganisha alama z, siyo lita, kwa kuwa lita lazima zipande akirefuka. Akitoka -1.3 akawa -1.0 au -1.5, hiyo si habari; mtoto mzima hupanda na kushuka kwa nusu alama bila sababu yoyote ya maana. Akiteremka hatua nzima au zaidi, na mchoro ukiwa safi, hapo nataka kumwona. Jihadhari pia na miaka ya kubalehe: miguu hutangulia kurefuka, kiwiliwili hufuata, na mapafu huja nyuma yao, hivyo kijana anaweza kuonekana ameshuka kwa muda kwa sababu tu kimo kimekimbia mbele.

Nisikufanye uamini namba kupita kiasi kwa upande wa pili pia. Watoto wengi wenye pumu hupuliza vizuri kabisa siku ambayo haijawashika. Asilimia 105 isingeniondolea wasiwasi kama ungeniambia anaamka usiku akikohoa, kifua kinapiga filimbi, anasimama katikati ya mchezo wenzake wakiendelea, ana kikohozi chenye makohozi kilichopita wiki nne, au haongezeki uzito. Wewe umeandika kwamba hakohoi na anakimbia mchana kutwa. Maneno hayo mawili yana uzito kwangu kuliko karatasi yote.

Usinunue kile kipima pumzi kidogo cha mkononi ili umpime nyumbani. Kina kazi yake kwa baadhi ya watoto wenye pumu. Kwa mtoto mzima kitapima jinsi alivyoamka siku hiyo, na wewe utakuwa unahesabu namba badala ya kulala. Kipimo chenyewe hakina madhara, zaidi ya kizunguzungu cha sekunde chache baada ya kupuliza kwa nguvu. Kama ana mdogo wake wa miaka mitatu minne na watafiti wakimtaka naye, huenda wakatumia mashine ya mawimbi: mtoto anapumua kawaida kwa sekunde 16 hivi, mtu mzima akimshika mashavu yasitikisike, na mashine inasoma ukinzani wa njia za hewa. Huko hakuna kujitahidi, wala hakuna kufaulu au kufeli.

Mwakani apimwe akiwa hana mafua, ikiwezekana wiki tatu baada ya kupona. Avae nguo isiyombana kifua, asile akashiba sana kabla, avue viatu, na nywele zisiongeze kimo. Wiki moja kabla mfundishe kitu kimoja tu: kujaza kifua mpaka mabega yainuke, kisha kulipuka papo hapo. Na nyuma ya karatasi hii ya mwaka huu andika tarehe, kimo kilichotumika na jina la milinganyo, uihifadhi pamoja na kadi yake ya kliniki. Ukiweza kunitumia picha ya ule mchoro, nitumie. Nataka kuona kama mlima wake una ncha.